Nikisema "nipe oili ya IST" kwa nini wananicheka?

Dada mmoja kaniandikia, nafupisha: "Kaka habari za kazi. Nina Toyota IST ya cc 1500, nimeinunua mkononi mwa mtu mwaka jana. Kila nikienda kununua oili naona kama nimeingia kwenye mtihani ambao sikusoma. Wa kwanza ananiuliza ya kilometa ngapi, wa pili nzito au nyepesi, wa tatu fundi wako nani. Juzi nimesema nipe oili ya IST, jamaa watatu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Sasa niseme nini nisichekwe na nisipigwe?"

Dada yangu pole, ila kwanza nikutoe wasiwasi, wale watatu wa kwenye benchi hakuna hata mmoja anayejua, nakuapia. Nina miaka 17 kwenye hii biashara, nilianzia mtaa wa Gerezani hapa Dar nikiwa kijana wa kubeba madumu, sasa nina kibanda changu Tabata, na kila duka la oili nililowahi kuliona lina benchi na kwenye benchi kuna watu ambao hawanunui kitu, wamekuja kuchangia mada tu. Mteja akiuliza bei wao ndo wa kwanza kujibu. Na "oili ya IST" wala sio kichekesho, ni swali zuri kuliko mengi ninayoletewa maana angalau umetaja gari. Wapo wanaofika wanaegemea kaunta wanasema bosi nipe oili. Oili ya nini? "Ya gari." Gari gani? "Si ile pale." Unachungulia nje unakuta magari sita na toroli.

Tuanze na hii ya kilometa maana ndo imewavuruga wengi. Chukua kopo lolote la oili ya maana, geuza usome nyuma, utakuta namba za uzito, utakuta herufi za ubora, sasa hizo kilometa tunazozitaja kaunta mara nyingi hazipo kabisa, na zikiwepo ujue hapo unasoma tangazo. Hiyo "ya elfu tatu, ya elfu tano, ya elfu kumi" tumeibuni sisi wauzaji na mimi nimo, tulichoka kuelezea kila mtu oili ya madini (inayotokana na mafuta ghafi) na sinthetiki (inayoundwa kiwandani) ni nini, tukaona rahisi kusema hii ya bei ya chini ni ya elfu tatu, ya kati elfu tano, ile ya juu elfu kumi. Sasa imetugeukia. Kuna mtu aliniambia naomba ya elfu kumi, nikamwambia kaka ya elfu kumi labda nikupimie ya bodaboda, akakasirika, "unaniona mimi wa bodaboda?", kumbe mwenzangu anaongelea kilometa mimi naongelea shilingi, tumebishana pale dakika tano nzima kila mtu na elfu kumi yake.

Mwingine huyu sitamsahau, alichukua ya "elfu tano" akapotea mwaka na miezi. Siku amekuja kununua taa namuuliza vipi oili ulishabadilisha, ananijibu kwa kujiamini kabisa, "bado, nimetembea elfu tatu tu, oili yako inanidai elfu mbili." Yaani anaihesabu kama vocha! Oili haikai inasubiri umalize salio mzee. Ukiwa na gari ya kwenda sokoni na kanisani, injini haipati muda wa kuchemka sawasawa, unyevu na petroli inayopita kwenye ringi za pistoni vinaingia kwenye oili na havipati joto la kuviondoa, inaharibika hata kama gari imepaki. Na foleni ndo usiseme, umetoka Mbagala kwenda Posta, injini inanguruma saa mbili nzima, kilometa zimesogea kidogo tu. Toyota wenyewe kwenye vitabu vya magari ya kwao Japani yasiyo na tabo (turbo) waliandika kilometa 15,000 au mwaka 1, kinachotangulia, na kwa matumizi magumu nusu yake, 7,500 au miezi 6. Vumbi, safari fupi na foleni vyote wanavihesabu kama matumizi magumu, hayo ndo maisha ya Dar kila siku. Kwa gari uliyoinunua mkononi ambayo hujui mwenyewe wa kwanza alikuwa anaifanyia nini, mimi nakwambia 5,000 au miezi 6 na usibishane na nafsi yako.

Nzito au nyepesi sasa. Hapa lazima nikusimulie mzee wangu mmoja, mstaafu, mteja wa siku nyingi, heshima zake. Alikuwa na Peugeot 504 miaka hiyo, sasa watoto wamemnunulia Vitz. Akija anasema, "mwanangu nipe namba arobaini," yaani ile oili nzito ya zamani. Namwambia shikamoo mzee, hii Vitz haitumii namba arobaini. "Marahaba. Nipe namba arobaini." Namuonyesha 5W-30, anaifungua, anachovya kidole, anasugua na dole gumba, anaangalia juani, halafu ananiangalia mimi kwa huruma, "hii si maji haya? Nyie vijana mnaziua gari za watu."

Mzee ana haki yake, injini za zamani zile nafasi kati ya chuma na chuma zilikuwa kubwa na namba arobaini ilitosha, hata leo injini ya zamani iliyochoka ukiiwekea nyepesi utaisikia inapiga kelele na utaiona inaila. Ila injini ya IST yako, hiyo 1NZ, ina vinjia vyembamba vya oili, ina VVT-i (mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka) inayofanya kazi kwa presha ya hiyohiyo oili, asubuhi ukiwasha inataka oili ifike juu haraka sana. Ukiiwekea uji inachelewa, na hapo kwenye kuchelewa ndo chuma kinasuguana kikavu. Sasa kidole cha mzee kinapima oili ya baridi, dukani, wakati injini inaitumia ikiwa na joto la nyuzi 100 hivi. Kila siku namwambia mzee kidole chako hakijawahi kufika nyuzi 100, anacheka, anachukua ninayompa, wiki ijayo tunaanza upya.

Zile namba zenyewe usiziogope. 5W-30, ile 30 ndo uzito ikiwa ya moto, inapimwa kwenye hizo nyuzi 100. Ile 5 yenye W ndo jinsi inavyotembea ikiwa ya baridi, inavyokuwa ndogo ndivyo inavyowahi kutiririka. W ni winta, baridi ya kwa wenzetu. Na hapa kwenye W ndo nimecheka mpaka nimechoka, jamaa mmoja wa benchi alikuwa anamfundisha mteja wangu kwamba 20W ni wati ishirini, kama balbu, eti ndo maana 20W-50 ina nguvu kuliko 5W-30. Mwenzake akamkatalia, "acha uongo, W ni wese." Nikawaacha wamalize, wese lilishinda kwa kura.

Swali linalofuata huwa ni "sasa sisi huku baridi iko wapi?" Ni kweli, 5W wanaipima kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, hiyo hata Makete asubuhi ya Julai haifiki. Lakini kwa injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 100, asubuhi ya Dar ya nyuzi 25 ni baridi tu, oili imelala chini kwenye sampo, lile karai la chini ya injini, imeganda ukilinganisha na itakavyokuwa baada ya dakika kumi. Kwa hiyo ule wepesi wa asubuhi hata Tandika unakusaidia.

Kunusa pia wapo, tena wengi. Anafungua, ananusa kama anakagua maziwa, anasema "hii original." Siri ni kwamba hata feki inanukia oili, maana mara nyingi ni oili kweli, ni ya hali ya chini au iliyotumika ikachujwa. Labda zamani kabisa pua ingesaidia, hii Castrol tunayoiuza jina lake limetokana na mafuta ya mbegu ya kasta, yaani nyonyo, waliyokuwa wanachanganya kwenye oili ya injini zamani, jina limeanza 1909. Niliwahi kumwambia mama mmoja msusi akaniuliza kama iliyopo sasa hivi inafaa kukuzia nywele. Nikamwambia mama hapana, na tafadhali usiende kujaribu kwa mteja.

Haya, fundi wako nani. Hili swali muuzaji akikuuliza usilione la kirafiki, mara nyingi anapima kama utanunua kwa akili yako au kwa simu. Inavyokuwaga ni hivi, mteja anapiga, "halo fundi, niko dukani, ongea na muuzaji." Napewa simu. Fundi mwenyewe simjui wala hanijui. "Oya bosi, mpe ile ya siku zote." Ipi? "Si ile ya dumu la kijani." Za kijani ninazo nne. "Ile nzuri bana." Halafu sauti inashuka, inakuwa ya kitandani kabisa, "sikia bosi, weka elfu kumi yangu humo, napita jioni." Na mteja yupo mbele yangu anatabasamu, anajua wataalamu tunajadili injini yake. Hicho ndo cha juu, na sisemi mafundi wote wako hivyo, wapo waungwana ambao wanakutumia meseji imeandikwa kila kitu mpaka namba ya filta. Ila siku nyingine ukitoa simu weka spika, utashangaa mazungumzo yanavyokuwa mafupi.

Rangi je? Naombeni mniache na rangi. "Nipe ile nyekundu." "Nipe ya dhahabu." Rangi ni rangi tu, kiwanda kinaweza kutia chochote, isipokuwa haidroliki ya giaboksi ya otomatiki, hiyo mara nyingi ni nyekundu makusudi ili isichanganywe na oili ya injini. Na hapo ndo nakuletea kisa cha yule kijana.

Jumapili jioni nimeshafunga, simu inaita, kijana aliyenunua kwangu galoni ya lita 4 jana yake. Alisema anafanya sevisi mwenyewe, kaangalia YouTube. "Kaka, hivi kwa nini uliniuzia oili? Iliyokuwepo ilikuwa bado nzuri kabisa, imetoka nyekundu safi." Nikakaa kimya kwanza. Nikamuuliza umefungua nati ipi? "Ya chini." Za chini ziko mbili dogo. "Ile iliyokuwa karibu." Na oili yangu umeweka wapi? "Juu, kwenye injini, yote." Umewasha gari? "Bado, ndo nafunga boneti." Nikamwambia usiwashe, tena funguo mpe mama yako akae nazo.

Maana hapo kamwaga haidroliki ya giaboksi, injini bado ina oili yake ya zamani karibu lita 4, juu yake kaongeza 4 mpya. Angewasha, hiyo oili inapigwa povu na kranki, sili zinaanza kuvuja, na giaboksi nayo inazunguka na njaa. Ananiuliza, "sasa ile nyekundu si naiokota tu nairudisha?" Iko wapi? "Nimempa jirani, kashapaka nguzo za banda la kuku, mchwa walikuwa wanamsumbua." Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza dukani, kanyamaza kimya, kanunua oili upya, kanunua haidroliki, na safari hii kamleta fundi. Banda la kuku nasikia limependeza.

(Na haidroliki yenyewe usiseme tu "nipe haidroliki". Toyota nyingi za umri wa IST ile ya kwanza zinataka Type T-IV na mara nyingi imeandikwa kwenye stiki ya giaboksi, zilizofuata zinataka WS, na za CVT (giaboksi isiyopanda gia kwa hatua) zina yake kabisa. Hizi hazichanganywi kama soda.)

Wa bodaboda niwapitie haraka, hao mazungumzo yao ni mafupi, "bosi nusu lita, nitamalizia kesho." Akikuta hela imepungua anataka robo. Shida yao kubwa zaidi ni kuwekewa oili ya gari iliyobaki gereji, pikipiki nyingi klachi yake inalowa kwenye oili hiyohiyo ya injini, sasa oili nyepesi za gari zenye viungo vya kupunguza msuguano zinaifanya klachi iteleze, mtu anapiga resi mlima wa Kimara pikipiki inalia tu haipandi. Yeye atafute iliyoandikwa JASO MA, hiyo ndo alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hiyo.

Ah, na wanaorudisha. Siku ya tatu mtu anakuja na kidole cheusi amekinyoosha kama ushahidi mahakamani, "angalia, umeniuzia feki, imekuwa nyeusi." Gari gani? Hiace ya dizeli. Kaka, oili kazi yake mojawapo ni kubeba uchafu, kwenye dizeli masizi yanaingia humo humo siku ya kwanza, ingebaki nyeupe ndo ningeogopa. Nguo unayofulia ikitoa maji meusi hulaumu sabuni. Hapo kwa kweli nikisema hilo huwa wanaelewa, isipokuwa mmoja aliyenijibu kwamba yeye anapeleka dobi.

Feki zipo lakini, sitaki nikudanganye, na njia yake moja inapita mikononi mwetu wenyewe. Kuna mtu na baiskeli anapita magereji kununua makopo matupu. Mama wa alizeti au wa sabuni ya maji akija anataka dumu lolote, hajali lebo. Huyu mwingine anachagua, anataka yenye nembo kubwa tu, lebo haijachubuka, kifuniko kipo, na bei anaongeza. Jiulize anakwenda kuweka nini. Kwa hiyo ukishamwagiwa oili yako mwambie fundi atoboe kopo kwa bisibisi mbele yako, au ondoka nalo. Na unaponunua angalia sili chini ya kifuniko kama haijaguswa, kifuniko kikizunguka bila kukata ile ringi yake rudisha. Ukiona kuna wasiwasi Tume ya Ushindani, FCC, ndo wenye kazi ya bidhaa bandia, na daima chukua risiti, muuzaji anayekwepa kukuandikia risiti na wewe mkimbie.

Sasa useme nini. Kabla hujatoka nyumbani fungua boneti, angalia kifuniko cha kuwekea oili juu ya injini, Toyota nyingi zimeandikwa hapohapo. Kipige picha. Mteja anayenionyesha picha ya kifuniko mimi nanyooka mwenyewe, hata benchi linanyamaza. Kwa 1NZ yako sema hivi: "naomba 5W-30, API SN au SP, lita nne, na filta." Basi. Hiyo API ni taasisi ya mafuta ya Marekani, alama yake ni herufi mbili kwenye duara nyuma ya kopo, S ya mbele ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo ya kisasa, SN ilitoka 2010, SP ikaja 2020. Ukiona kopo zuri limechorwa simba au gari ya mashindano halafu nyuma kwa maandishi madogo SF, jua hiyo wenyewe API wanasema haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1988, na bado naona watu wanainunua kwa ajili ya simba.

Akikwambia chukua 20W-50 gari ya zamani hiyo, muulize kwa nini. Jibu lenye akili ni kama injini inakula oili, inatoa moshi wa bluu, hapo kupanda kidogo mpaka 10W-40 ni sawa wakati unajipanga kutengeneza. Akijibu "hapa kwetu joto", au akijibu "hiyo ndo inatoka sana", ana mzigo anataka uishe.

Halafu usikubali wakamwagie lita 4 zote eti umezilipia. Hiyo injini ukibadilisha na filta inachukua kama lita 3.7, inabaki kidogo kwenye kopo, na hapo ndo ugomvi wangu na wateja unapoanzia, "mimina yote bosi, hela yangu hiyo." Iliyobaki funga vizuri weka kwenye buti, ndo ya kuongezea baada ya miezi mitatu hivi stiki ikisoma chini. Pima asubuhi gari ikiwa imelala, sehemu tambarare, futa stiki, chovya tena, iwe kati ya alama mbili.

Ukikuta kifuniko chako kimeandikwa 0W-20 usishtuke wala usiniandikie usiku, 5W-30 bado inaingia hapo bila shida. Ila kama hakina maandishi kabisa, au ni kifuniko cha gari nyingine kama nilivyowahi kukuta IST imefungwa kifuniko cha Nissan, nitumie picha ya injini nzima tuangalie nini kingine wamekubadilishia.